Lebo za Marehemu

Kadi iliyobandikwa mbele ya gauni ilikuwa na maneno machache, na karibu yote yalikuwa uongo. "Gauni la harusi. London. Mbunifu hajulikani. Pindo limepinda upande mmoja kutokana na marekebisho mabaya ya fundi wa hapa nchini." Niliisoma tena nisije nikawa nimekosea, kisha nikacheka kwa sauti, hata mama mmoja aliyekuwa karibu akanigeukia kana kwamba nimepiga mluzi kanisani.

Yalikuwa maonyesho ya mitindo ya zamani, katika ukumbi wa juu wa jumba la maduka huku kwetu Eastlands, si mbali na mtaa wa Fedha ninakoishi siku hizi. Vijana walioyaandaa walivaa suruali zisizofika kwenye vifundo vya miguu na miwani isiyo na kazi. Walikuwa wamekusanya nguo za mama zetu, wakazivisha masanamu yasiyo na vichwa, wakayamulika kwa taa, kisha wakaanza kutueleza sisi tuliozivaa jinsi zilivyovaliwa. Nilikuwa hapo kwa sababu Shangazi Felista, dada yake marehemu baba, alinipigia simu na kunitangazia kwa ile sauti yake ya mikutano kwamba gauni la harusi la Rozi limechaguliwa, kwamba yeye atakaa safu ya mbele, na kwamba nivae vizuri nisimwaibishe.

Niliinama kwenye kamba waliyoizungushia, nikavuta pumzi. Juu kulikuwa na harufu ya dawa ya nondo. Chini yake, kwa mbali, kulikuwa na wanga wa muhogo na moshi wa pasi ya makaa, na hapo macho yakanilowa bila hiari. Mwenye harufu ile, Bi Zuhura wa Majengo, tulikuwa tumemzika wiki chache tu zilizopita. Na hawa walikuwa wameandika hajulikani.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Buruburu ya utoto wetu. Ulikuwa mtaa wa watu waliopewa nyumba yenye bafu ndani wakadhani wamepewa na akili. Baba zetu walikuwa makarani wa reli na wa baraza la jiji, waliotoka magharibi na sanduku la mbao, na watoto wao hawakuruhusiwa kulitaja sanduku hilo mbele ya wageni. Kila sebule ilikuwa na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havikuwahi kunywewa chai. Tulikula sukuma wiki madirisha yakiwa yamefungwa, na siku ya kuku tukayafungua.

Ugonjwa wetu mkubwa ulikuwa nguo. Nguo nzuri ilikuwa lazima itoke mbali. Ikitoka mjini ilikuwa afadhali, lakini ikitoka Ulaya, basi mwenye nguo angeweza kukaa kiti cha mbele kanisani na asiulizwe. Shida ni kwamba nguo za Ulaya hazikuwakaa mama zetu. Zilibana kiunoni na kulegea kifuani, kwa sababu zilikatiwa watu wengine. Kwa hiyo akina mama wa Buruburu waligundua njia. Waliteremka Gikomba kwenye mitumba, wakanunua koti kuukuu, lolote, hata lenye matundu, bora tu liwe na lebo nzuri shingoni. Koti lilitupwa. Lebo ilibanduliwa taratibu kwa wembe, ikafichwa kwenye pochi. Kisha mama alivuka kwenda Majengo kwa Bi Zuhura, akashonewa nguo inayomkaa, na siku ya mwisho akatoa ile lebo na kusema kwa sauti ya chini, "Na hii nayo, unibandikie hapo nyuma." Jumapili ikifika walikunjuliana kola uwanjani baada ya ibada, wakisomeana lebo kwa zamu. Wote walikuwa wameshonewa na mtu mmoja. Wote walijua, na hakuna aliyecheka. Mpaka leo sijaona upumbavu uliopangwa vizuri namna ile.

Mimi nilielewa kivyangu. Siku hizo hata watu wazima waliamini kwamba mitumba ni nguo za Wazungu waliokufa, na Bi Zuhura mwenyewe hakuziita kwa jina jingine ila kafa Ulaya. Basi nilipowaona mama zetu wakibeba vile vitambaa vidogo vilivyoandikwa, niliunganisha mambo kama mtoto anavyoyaunganisha. Hayo ni majina ya maiti. Kila koti lina jina la mwenyewe ili malaika wasilipoteze, na mama zetu wanayakata na kuyabeba shingoni. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni dini ya watu wazima, kama ile divai ya kanisani ambayo watoto tulinyimwa.

Bi Zuhura alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye shingo ndefu na mdomo usio na breki. Asije mtu hapa akaniambia habari za fundi mnyenyekevu. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Aliketi barazani kwake, nyumba ya udongo yenye mlango wa bluu, cherehani ya miguu mbele yake, na mteja alipopiga hodi alimtazama kwanza kuanzia viatu kupanda juu, ndipo akaitikia. Watu walimwita fundi wa nguo, sawasawa na yule wa kona aliyeziba suruali viraka. Alikuwa mbunifu. Neno hilo halikuwa limefika Majengo, lakini kazi ilikuwa imefika.

Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Hakumpima mtu kabla ya kumwona akitembea. Ungekuja na kitambaa chako na haraka zako, naye angekunyooshea kidole kwenye bomba la maji lililokuwa mwisho wa uchochoro. "Nenda mpaka pale, urudi." Wake za makarani waliona ni dharau kutembezwa mbele ya wachota maji. Ilikuwa dharau kweli, na walistahili. Lakini yeye alikuwa akiangalia bega gani linatangulia, nyonga ipi inasita, mkono gani haujui pa kwenda. Utepe wa kupimia ulikuja baadaye, na nusu ya vipimo alikuwa amekwisha kuvijua.

Kwa huyo ndiko tulikokwenda kumshoneshea Rozi gauni la harusi. Rozi ni binti wa Shangazi Felista. Polio ilimpitia akiwa mdogo, ikamwachia mguu wa kushoto usiotii, na alipotembea aliutupa nje kidogo kabla ya kuukanyagia. Alikuwa msichana mzuri, mpole, na mama yake alimtembeza maisha yake yote upande wa ukutani ili watu wasimwone vizuri. Siku hiyo tulikuwa wanne. Shangazi alitangulia, akipandisha sketi kila alipouruka mtaro kana kwamba maji ya Majengo yangemng'ata. Mama na Rozi walifuata, nami nyuma, kwa kuwa ningekuwa msichana wa maua.

"Hodi hapa!"

Bi Zuhura alimaliza mshono wake kwanza. "Karibuni. Anaolewa nani? Binti au wewe?"

Mama aliangalia chini ili asicheke. Shangazi akatoa kwenye pochi ukurasa wa gazeti la mitindo, wenye picha ya bibi harusi wa Kizungu aliyesimama wima kama nguzo ya stima. "Nataka kama hili. Lakini liwe refu, pana, lifunike huo mguu wote. Mtu asijue."

Bi Zuhura aliitazama picha kama mtu anavyomtazama samaki wa juzi. "Huyu wa pichani mmemleta?"

"Mmemleta vipi?"

"Hamkumleta. Basi mimi nitamshonea niliyeletewa. Na kufunika, mama Rozi, ni kazi ya blanketi." Akamgeukia Rozi, na sauti ikabadilika. "Mwanangu, nenda mpaka bombani, urudi."

"Si umpime tu hapa?" Shangazi alidakia. "Unajua vile ako."

"Nimesema atembee."

Rozi alitembea. Wachota maji wakageuka kumtazama. Alirudi uso umemwiva, na Bi Zuhura akamwambia aende tena, na aliporudi akamwambia aende mara nyingine, polepole, asijibane. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sijawahi kumwona mtu akitazama namna ile, si kwa huruma wala si kwa udadisi, kama mpishi anayeonja. Mwishowe akasema, akijisemea zaidi ya kutusemesha sisi, "Watu wengi hutembea kama wanakimbia mvua. Huyu kila hatua anafungua mlango."

Kisha akaniona mimi. "Na wewe, njoo. Tembea." Nilitembea. "Wewe huna mwendo bado. Unarukaruka tu. Haya, nitakushonea mruko."

Shangazi alianza kuzungumza habari ya bei, naye akamkata. Bei ilikuwa ileile ya siku zote. Alitaka kitu kingine. Sisi tunajua harusi zetu za mtaani zilivyokuwa, na zilivyo hadi leo. Baada ya chakula, mshereheshaji husimamisha watu. Aliyeoka keki asimame tumwone. Aliyepamba asimame. Aliyekodisha hema asimame. Jina linatajwa, makofi yanapigwa, na wiki inayofuata mtu huyo hana nafasi ya kupumua kwa kazi.

"Siku hiyo mkisimamisha watu," Bi Zuhura alisema, "nami nisimamishwe. Nitajwe, kwa jina langu. Zuhura wa Majengo ndiye aliyebuni gauni hili. Basi. Miaka yote nimewavisha nyinyi, hakuna aliyewahi kusimama kanisani kwenu akasema."

"Haki ya Mungu, Bi Zuhura," Shangazi aliapa, kidole juu. "Nitakusimamisha mimi mwenyewe. Na mic nishike."

Mama alisikia. Rozi alisikia. Mimi nilisikia. Bi Zuhura, aliyemdharau kila mtu kuanzia viatu kupanda juu, aliamini. Hata mwenye dharau ana siku yake ya kuamini, na ndiyo siku anayopatikana.

Siku ya kulichukua gauni, Shangazi alifungua pochi akatoa lebo mbili. Kubwa ilikuwa ya Rozi, imedariziwa kwa uzi wa dhahabu, na chini yake neno London. Ndogo ilikuwa yangu. Bi Zuhura alizipokea kwa ncha za vidole viwili, kama unavyotoa unywele kwenye uji. Mama, aliyekuwa na aibu zaidi ya wengine lakini si sana, alimuuliza baadaye kwa nini anakubali kuzishona. "Nisipoishona mimi," alijibu, "atakwenda kwa mtu atakayeniharibia shingo ya gauni."

Nilipoona maiti wangu akishonwa nililia. Nililia kweli, kwa kamasi. Shangazi alidhani nimechomwa na pini. Bi Zuhura aliwatuma ndani wakamtazame Rozi kwenye kioo, akanivuta kati ya magoti yake, akaniuliza nini. Nikamwambia kwamba sitaki kubeba mtu aliyekufa shingoni, kwamba atanifuata kitandani.

Hakunicheka. Nadhani ndiye mtu mzima wa kwanza ambaye hakunicheka. Aliligeuza gauni langu akanionyesha. Gauni zima lilikuwa limeshonwa kwa cherehani, mishono midogo na migumu, lakini lebo ilikuwa imeshikizwa kwa mkono, kwa uzi mmoja tu, na kwenye pembe alikuwa ameacha fundo dogo likiwa nje. "Cherehani yangu haishoni jina la mtu mwingine," alisema. "Unaona hili fundo? Nimewaachia wote, na la Rozi pia. Siku ukichoka na maiti wako, vuta hapa. Atatoka mwenyewe na nguo haitaumia."

Sikungoja nichoke. Jioni hiyohiyo nilivuta. Uzi ulitoka wote kama alivyosema, na nikamzika marehemu wangu nyuma ya nyumba, chini ya ua wa miiba wa kayaba, na msalaba wa njiti za kiberiti, nikamwimbia ubeti mmoja wa wimbo wa mazishi niliokuwa nikiujua. Nililala vizuri sana.

Kuhusu gauni la Rozi, nitasema kwa uwezo wangu, ingawa maneno si kazi yangu. Akiwa amesimama lilikuwa gauni la kawaida tu, jeupe, lililonyooka, lisilo na mapambo. Shangazi alinuna alipoliona. Hakuna shanga, hakuna ua kubwa kifuani. Na upande wa kushoto pindo lilikuwa refu kidogo kuliko la kulia. Lakini upande huohuo Bi Zuhura alikuwa ameficha marinda, membamba, yaliyofungana, na ndani ya marinda akatia bitana ya rangi ya kiini cha yai. Rozi alipoingia kanisani na kuutupa ule mguu, marinda yalifunguka, njano ikawaka, kisha akakanyaga na yakafunga. Hatua nyingine, yakafunguka. Pindo refu likapanda na mguu, likawa sawasawa na jingine. Hakufichwa. Ule mguu ambao mama yake aliutembeza ukutani ndio uliokuwa ukiwasha na kuzima gauni zima. Wasichana waliokuwa na miguu miwili mizima walianza kutembea vibaya siku hiyo wakijaribu kumwiga, nami niliwaona. Nusu ya njia Rozi aliinua uso, na hakuuteremsha tena hadi madhabahuni. Mwenye kazi hiyo ndiye waliyemwandikia mbunifu hajulikani.

Baada ya ibada, chini ya hema uwanjani, Shangazi alikuwa katikati ya wenzake akiringa. Aliniita, akanigeuza kama kuku wa sokoni, akakunja kola yangu awasomee.

"Lebo iko wapi?"

"Nimemtoa."

"Umemtoa nani?"

"Marehemu. Nilimzika."

Wenzake walikohoa kwa pamoja. Nilifinywa mkononi kwa kucha, ndani, mahali pasipoonekana, na kovu lake ningekuwa nalo ningelivaa kwa fahari.

Bi Zuhura hakuja kanisani, maana hakuwa Mkristo, lakini alikuja kwenye sherehe. Alikaa safu ya nyuma kabisa, na chini ya buibui lake niliona ukingo wa nguo mpya ya zambarau. Alikuwa amejishonea. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona asijue pa kuweka mikono.

Mshereheshaji alikuwa fundi wa maneno wa mtaa wetu. "Keki! Nani alioka hii keki? Asimame tumwone! Mpigieni makofi ya kilo!" Mwoka keki akasimama. Aliyepamba akasimama. Mwenye hema akasimama, na hema lenyewe lilikuwa na matundu. Hata aliyeleta sufuria alisimamishwa. Kisha mshereheshaji akamgeukia bibi harusi na kutikisa kichwa. "Lakini watu wa Mungu, hii gauni! Hii gauni si ya dunia hii! Mama Rozi, hebu tuambie imetoka wapi!"

Nyuma kabisa, Bi Zuhura alikuwa amekwisha kulivuta buibui lake likae sawa. Alikuwa ameanza kuinuka.

Shangazi alishika mic kwa mikono miwili. "Ilitoka London," alisema. "Tuliitisha."

Makofi ya kilo yakapigwa.

Bi Zuhura alikuwa nusu ya kusimama. Hakurudi kukaa. Alimalizia kusimama, mrefu, shingo yake ndefu, akakitazama kiti chake kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo, akageuka akatoka uwanjani bila kuharakisha. Mimi nilielewa kivyangu tena. Nilijua kwamba fundo la Rozi halikuvutwa na maiti wake bado yuko shingoni, na Shangazi amemwita kwa sauti kubwa mbele ya watu. Nilidhani Bi Zuhura amemwona akiitika. Nilidhani ameondoka kwa kuogopa, na nikamwonea huruma kwa kuwa sikujua kwamba anaogopa maiti kama mimi. Ilichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ametukanwa, na nilipoelewa nilikasirika upya kama limetokea jana. Ningali nimekasirika.

Na mama yangu? Alisikia kiapo, akasikia uongo, akachukua kipande cha keki. Rozi aliitazama sahani yake. Wote walikuwa watu wema, na wema wao haukutosha hata kumsimamisha mtu mmoja.

Tangu siku hiyo Bi Zuhura hakushona tena gauni la mtu wa Buruburu. Walimwendea, maana haya hawakuwa nayo. Alisikia hodi, akawatazama viatu, akawanyooshea kidole kwenye kituo cha basi. "London iko upande ule." Majengo nzima ilijifunza msemo huo. Alishona sare za shule, kanzu za madrasa, foronya. Mikono iliyojua kufungua mlango kwenye gauni ilishona foronya hadi macho yakafifia. Nilipokua nilikwenda kumwona mara kwa mara, na siku moja nikamuuliza kama bado ana uchungu na Shangazi. Aliudhika na swali. "Uchungu? Kwa yule? Mtu anajificha nyuma ya shingo ya maiti, mimi nimwonee uchungu?" Kisha akarudi kwenye foronya yake, akasema, "Nguo ya mwisho haina lebo. Hapo tutajuana."

Amekwisha kuivaa. Tulimpeleka makaburini Kariokor mchana huohuo aliofariki, kwa sanda nyeupe isiyo na jina la mtu.

Rozi mwenyewe ndiye aliyefika Uingereza baadaye, anaishi huko na mumewe. Gauni halijafika hata Mombasa. Lilibaki kabatini kwa Shangazi, na lebo yake, na uongo ukakomaa kwa miaka yote hiyo hadi ukapewa kadi na taa. Na lile pindo refu la kushoto, kazi ya kipaji kuliko vyote vilivyokuwa ukumbini, likawa kosa la fundi wa hapa nchini. London ilibuni, Majengo ikaharibu. Sikiliza ujinga unavyojua kujipanga.

Shughuli ilianza. Kijana wa miwani alishika mic. "Na sasa tuko na mama wa fashion mwenyewe! Aliyevalisha bintiye London wakati wengine hawajui London ni nini! Mama Felista, simama tukuone!"

Shangazi alisimama, akiegemea mkongojo, kichwa kimetulia kama cha mtu anayepokea haki yake. Watu wakapiga makofi. Na hapo nikajikuta nimeinua ile kamba nimepita chini yake.

"Auntie, pole, hatugusi hizo vitu," kijana alinikimbilia.

"Nililigusa kabla hujazaliwa," nikamwambia.

Nilipapasa shingo ya nyuma. Fundo lilikuwepo. Dogo, gumu, pembeni, likingoja. Nilivuta taratibu, uzi mmoja, ukatoka wote, na lebo ya dhahabu ikaniangukia kiganjani. Gauni lilikuwa limegeuka rangi ya samli kwa uzee, lakini mahali ilipokuwa lebo palibaki kipande kidogo cheupe pe, kama siku ile. Halikuwa na tundu hata moja.

"Hili limebuniwa na Zuhura wa Majengo," nilisema, na sikuhitaji mic, maana nimezaliwa na sauti ya akina Felista. "Pindo halikupinda. Mvalisheni mtu anayechechemea, mtaona."

Kijana alitazama kadi yake, akanitazama mimi. "Zuhura nani? Ako Instagram?"

"Yuko Kariokor. Makaburini."

Alikuwa na adabu ya kuishusha mic, walau hilo. Nikawaambia waliokuwa ukumbini kwamba mwanamke huyo aliahidiwa kusimamishwa siku moja na hakusimamishwa, na leo hawezi, kwa hiyo wasimame wao. Wengine walibaki wakichezea simu zao. Lakini yule mama aliyenigeukia mwanzo alisimama, kisha mzee mmoja nyuma, kisha safu nzima, na kijana wa miwani, aliyekuwa amesimama tayari, akaivua miwani yake isiyo na kazi. Shangazi peke yake, aliyekuwa amesimama akipigiwa makofi, ndiye aliyeketi.

Niliporudi kiti cha pembeni yake alikuwa ameukumbatia mkongojo wake. "Umeniaibisha," alininong'oneza. "Mbele ya watu. Kwa ajili ya fundi tu."

Nilichukua mkono wake, nikaufungua, nikaiweka lebo kiganjani, nikamfunga vidole kimoja kimoja.

"Shika, Anti. Mrudishie marehemu jina lake."